Fundi, Nijibu: Ubao Mpana Unataka Msumeno Gani?

Barua za safari hii zimekuja na jambo moja lenye sura nyingi: ubao ni mpana, msumeno haufiki, au unafika lakini unaharibu. Tumechagua sita.

SWALI: Shikamooni. Nina karakana ndogo Korogwe. Nilinunua msumeno wa kukatia pembe wa diski ya inchi 10, ule wa kushusha tu, hauna reli za kuuvuta mbele na nyuma. Sasa nimepata oda ya rafu za mninga, mbao za inchi 1 kwa 12, na msumeno unaishia katikati ya ubao. Muuzaji ananishauri niurudishe, niongeze hela nichukue wa inchi 12. Nimsikilize?
*Fundi wa Korogwe*

JIBU: Marahaba, fundi. Usimsikilize. Msumeno wa inchi 10 usio na reli hukata upana wa milimita 140 hadi 150 hivi. Wa inchi 12 wa namna hiyohiyo hufika kama milimita 200. Ubao wako una 300. Utaongeza hela, na bado utabaki na sentimita 10 zisizoguswa. Sababu ni umbo la mashine yenyewe: diski ni duara, katikati yake pamebebwa na shafti na mota, na kinachoshuka kwenye ubao ni kipande kidogo tu cha chini.

Wenye reli za kuteleza ni habari nyingine. Wa inchi 10 wenye reli hukata kati ya milimita 300 na 310 ukikata mraba, lakini ukigeuza pembe ya digrii 45 upana huo hushuka hadi karibu 210. Tena mbao zetu zinazopasuliwa vijijini hazina adabu ya kipimo. Ubao unaouzwa kama wa inchi 12 unaweza kuwa na 295 huku na 315 kule. Kwa hiyo hata huo wa reli utakuwa unafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake.

Kuna watakaokuambia ukate nusu, ugeuze ubao, umalizie upande wa pili. Piga hesabu kwanza: 145 mara mbili ni 290. Milimita 10 zitabaki katikati, uzimalizie kwa msumeno wa mkono. Inawezekana, ila kuna sharti: kingo mbili za ubao ziwe sambamba. Unapogeuza unaegemeza ukingo mwingine, na kama kingo zinatofautiana hata kidogo, mikato miwili haitakutana na utapata ngazi katikati ya rafu.

Sasa tukueleze lililo la msingi. Misumeno iko ya aina mbili: ile ambayo ubao huifuata, na ile inayoufuata ubao. Msumeno wa meza, wa mkanda na wa kukatia pembe ni ya kwanza, na yote ina kikomo cha upana. Msumeno wa mkono, jigisoo (ule wa bledi nyembamba inayopanda na kushuka) na msumeno wa duara wa kushika mkononi ni ya pili. Hiyo haijali kama ubao una inchi 12 au futi 4, inajali unene tu. Baki na wako kwa kazi za fremu na ununue msumeno wa duara wa mkononi wenye bledi ya milimita 185 au 190. Unazama hadi milimita 60 au 65, kwa hiyo ubao wa inchi moja ni mchezo kwake, na kwa kawaida bei yake iko chini ya huo wa inchi 12.

Utalalamika kwamba wa mkononi haunyooki. Hauwezi kunyooka ukiachiwa jicho na mkono. Unahitaji reli ya kuuongoza, nayo utaitengeneza mwenyewe kwa jioni moja:

Chukua plaiwudi ya milimita 6, upana 300, urefu 500 kwa mbao zako, au 2440 ukitaka pia kupasulia karatasi nzima za plaiwudi. Hiyo ndiyo sakafu ya reli. Pima kwenye kitako cha msumeno wako, yaani bati la chini linaloteleza juu ya ubao, kutoka kwenye bledi hadi ukingo wa kitako ulio upande wa mota. Kwa misumeno mingi ni milimita 120 hadi 130. Ongeza 20. Umbali huo, kutoka ukingo mmoja wa sakafu, ndipo utakapobandika ukuta wa kuegemea: kipande cha plaiwudi ya milimita 12, upana 70, kilichonyooka kabisa, kwa gundi na skrubu zilizopigwa kutoka chini. Usitumie ukuta mnene zaidi ya hapo, kwa sababu mota ya msumeno huning'inia juu yake na itaugonga unapozamisha bledi. Gundi ikikauka, egemeza msumeno kwenye ukuta na uukimbize mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Zile milimita 20 za ziada zitakatwa, na ukingo uliobaki ndio mahali hasa bledi inapopita.

Kuanzia hapo kazi ni nyepesi. Piga mstari kwa skwea (kipimo cha pembe mraba), laza ukingo wa reli juu ya mstari, bana kwa klampu ncha zote mbili, kata. Reli ilale juu ya kipande unachokihitaji, si kile cha kutupa, ili unene wa bledi ukate upande wa kutupa. Ukibadilisha bledi ikawa nyembamba au nene kuliko ya kwanza, ukingo wa reli hausemi kweli tena. Tengeneza reli nyingine, au iandike bledi yake kwa kalamu na usiichanganye. Na kumbuka reli imekula milimita 6 za kina, kwa hiyo 65 imekuwa 59.

SWALI: Wahariri, hamjambo. Huku Mafinga tunafanya kazi na mbao za msindano, nyingi bado mbichi. Nikikata ubao mpana kwa msumeno wa duara wa mkononi, ukifika theluthi mbili hivi unabanwa na kuruka nyuma. Bledi ni mpya. Kosa ni nini?
*Msomaji, Mafinga*

JIBU: Hatujambo. Mara nyingi kosa halipo kwenye bledi, lipo chini ya ubao. Ukiweka ubao juu ya vihimili viwili, kimoja kila ncha, halafu ukakata katikati, ubao unalegea kadiri unavyokatika, njia ya mkato inafunga kwa juu na kuibana bledi. Weka vihimili vinne: viwili kwa kipande cha kushoto, viwili kwa cha kulia, ili hata ubao ukikatika kabisa kila kipande kibaki kimelala mahali pake. Ukikata ncha tu, basi acha kipande kifupi kianguke chenyewe. Mtu asikishike kwa kukiinua. Msaidizi mwenye huruma anayeinua ncha ndiye anayebana bledi yako.

La pili ni umbo. Ubao mpana ukikauka hupinda kama kigae. Ukiulaza tumbo likiwa chini unayumba, na kila unapoyumba njia inafunga. Ulaze kama kigae kilivyo juu ya paa, mgongo juu, kingo mbili zikiwa zimegusa chini.

La tatu ni ubichi. Ubao mbichi una mvutano ndani, na ukishapasuliwa nusu zake huweza kukumbatiana nyuma ya bledi. Zima msumeno, subiri usimame, chomeka kabari nyembamba kwenye njia uliyokwisha kukata, kisha uendelee. Bledi ya meno 24 inafaa mbao mbichi kuliko ya 60, kwa sababu ina nafasi kubwa kati ya jino na jino ya kutolea unga mzito wenye maji.

Kina pia: meno yatokeze chini ya ubao kwa milimita 5 tu. Wengi huzamisha bledi yote, kisha jino linapopiga ubao linaupiga kwa kuusimamia badala ya kuukwangua kwa kulala, na kipande kirefu cha bledi kinasuguana na ukuta wa njia.

Na msindano una utomvu. Ukikauka kwenye meno, bledi mpya inakata kama butu na kuunguza. Vua bledi, iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha vizuri. Kama utomvu ni sugu, mafuta ya taa huutoa, lakini fanya hivyo nje, mbali na moto, na uifute bledi ikauke kabla ya kuirudisha.

SWALI: Mimi ni seremala wa kijijini, Kigoma. Umeme haujafika, jenereta sina. Nataka kununua msumeno mmoja mzuri wa mkono wa kukatia mbao pana za mkangazi na za mvule. Dukani ipo mingi na yote naiona sawa. Nitazame nini?
*Seremala, Kigoma vijijini*

JIBU: Tazama meno, usitazame rangi ya mpini. Kiswahili kimekurahisishia: kuna kukata, yaani kukingama na nyuzi, na kuna kupasua, yaani kufuata nyuzi. Ni kazi mbili na zinataka meno mawili tofauti. Jino la kukatia limenolewa kwa ubavu, lina ncha kama ya kisu, linachanja nyuzi kabla ya kuzitoa. Jino la kupasulia ni bapa kama patasi ndogo, linachimba. Ukitumia la kupasulia kukingama na nyuzi, ubao wa mkangazi utaparuka chini kama umetafunwa. Ukifanya kinyume chake utapata njia safi, lakini utaifanya siku nzima.

Weka rula kwenye meno uhesabu ncha zilizo ndani ya inchi moja. Kwa kukata mbao pana ngumu chukua wa ncha 8 hadi 10, urefu wa inchi 24 au 26. Kwa kupasua, ncha 5 hivi. Urefu si mapambo. Ubao wa inchi 12 ukikatwa kwa msumeno wa inchi 16, kila sukuma inakuwa fupi, unga haupati nafasi ya kutoka, na njia inajaa.

Kisha tazama ncha za meno. Zikiwa na rangi nyeusi au ya samawati, zimeunguzwa kiwandani kwa makusudi ziwe ngumu. Zitakaa na makali muda mrefu, ila tupa (kile chuma cha kunolea) haizili, itateleza tu. Zikiisha makali, msumeno umekwisha. Msumeno wa meno ya rangi ya chuma cha kawaida utaunoa miaka mingi. Kwa mtu aliye mbali na duka tunapendekeza huu wa kunoleka pamoja na tupa ya pembetatu.

Kuhusu kunoa: kwanza pitisha tupa bapa juu ya ncha zote hadi kila ncha ionyeshe nukta ndogo inayong'aa, ndipo urefu wa meno unapokuwa sawa. Kwa msumeno wa kukatia, shika tupa ya pembetatu ikiwa imeinama digrii 20 hadi 25 kutoka mstari mraba, noa jino moja ruka moja, kisha geuza msumeno unoe yaliyobaki kutoka upande wa pili. Acha pale tu ile nukta inapotoweka. Kwa wa kupasulia, tupa inapita mraba, bila kuinama.

Makali peke yake hayatoshi. Meno lazima yatanuliwe, moja kushoto moja kulia, ili njia iwe pana kuliko bamba la msumeno. Bamba likiwa na unene wa milimita 0.9, njia ya 1.3 inatosha kwa mbao kavu ngumu. Mbao mbichi zinataka zaidi kidogo. Pinda nusu ya juu ya jino tu. Ukilipinda kutoka mzizini litakatika. Na kama msumeno wako unavuta upande mmoja kila mara, meno ya upande huo yamezidi kutanuka au yana makali zaidi. Laza bamba juu ya meza na upitishe jiwe la kunolea mara moja, kwa wepesi, ubavuni mwa meno hayo.

Siku ya kukata, piga mstari kwa kisu na skwea pande zote nne za ubao. Kisu ni bora kuliko penseli kwa sababu kinakata nyuzi za juu kabla ya jino kufika. Anza kwenye pembe ya mbali kwa kuvuta mara tatu nne, kidole gumba kikiongoza bamba, kisha inamisha msumeno digrii 45 na uanze kusukuma. Ukifika katikati, geuza ubao uanze kutoka ukingo wa pili, mikato ikutane. Njia mbili fupi zinapotoka kidogo kuliko moja ndefu. Paka bamba nta ya mshumaa, si mafuta, kwani mafuta yataingia kwenye ubao na vanishi haitashika.

Neno kuhusu mvule: ndani yake hukutwa vijiwe vyeupe vya chokaa vinavyotengenezwa na mti wenyewe. Huwezi kuviona hadi jino lilie. Usilazimishe, hamia mbele au nyuma ya hapo kama kipimo kinaruhusu. Vumbi lake pia huwasha ngozi na kifua. Funga pua.

SWALI: Habari zenu. Natengeneza makabati ya jikoni, Likoni. Nikipasua karatasi ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 au ubao wenye ngozi ya plastiki, ukingo unabanduka vibanzi. Nimebadilisha bledi mara mbili. Nisaidieni.
*Mama Seremala, Likoni*

JIBU: Nzuri, mama. Kabla ya bledi ya tatu, angalia ni uso upi ulikuwa juu. Vibanzi hutoka pale jino linapotokea, si linapoingia. Kwenye msumeno wa duara wa mkononi na jigisoo, jino hupanda kutoka chini, kwa hiyo uso mzuri ulale chini. Kwenye msumeno wa meza, wa kukatia pembe, na ule wa mkono wa kusukuma, jino hushuka, kwa hiyo uso mzuri ukae juu. Wengi hujifunza kwa mashine moja kisha wanahamia nyingine na mazoea yaleyale.

Bledi iwe ya meno ya kabaidi, 48 hadi 60 kwa kipenyo cha milimita 185 au 190. Chanja mstari kwa kisu kikali kwanza, na kwa ngozi ya plastiki chanja mara mbili. Utepe wa karatasi juu ya mstari husaidia, lakini ubandue kwa kuuvuta kuelekea kwenye mkato. Ukiuvuta kinyume utatoka na ngozi. Laza karatasi nzima sakafuni juu ya vipande vinne au vitano vya mbao za kutupa, kina cha bledi kizidi unene kwa milimita chache tu, upige magoti juu ya karatasi yenyewe. Haipendezi kutazama, ila karatasi haiyumbi. Reli tuliyomweleza fundi wa Korogwe itakufaa sana, kwa kuwa ukingo wake unakandamiza ngozi pale pale bledi inapopita.

SWALI: Kaka yangu yuko Marekani, amenitumia msumeno wa duara wa inchi 7 na robo. Niko Unguja. Nikibadilisha plagi utafanya kazi?
*Msomaji, Unguja*

JIBU: Utafanya kazi kwa sekunde chache, kisha utanuka. Wa kule umetengenezewa volti 120, ukutani kwako kuna 230. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme. Soma ampea kwenye kibandiko: zikiwa 15, mara 120 ni wati 1800, basi nunua ya angalau wati 3000, kwa sababu mota ikianza huvuta zaidi. Tofauti ya hezi 60 na 50 haina madhara kwa mota ya brashi kama hiyo. Angekutumia msumeno wa meza wenye mota isiyo na brashi za kaboni tungekujibu vingine, huo ungezunguka polepole kwa karibu asilimia 17.

Bledi nazo: tundu la bledi ya msumeno wako ni inchi 5/8, karibu milimita 16. Bledi nyingi za milimita 190 madukani zina tundu la 20 au 30. Tumia ringi za kupunguzia zinazoingia kwa kubana, na uhakikishe bledi ya 190 haigusi kifuniko, maana msumeno wako ulipimiwa bledi ya 184. Waya wa kurefushia uwe wa milimita mraba 2.5 ukizidi mita 20, na uufungue wote kwenye gurudumu lake. Waya mwembamba uliokunjwa huiba nguvu na kupata moto.

SWALI: Wakuu, niko Bukoba. Napasua mbao za inchi 14 kwa urefu kwenye msumeno wa meza. Juzi ubao ulitemwa ukanipita ubavuni. Je, ninunue msumeno wa mkanda?
*Fundi, Bukoba*

JIBU: Pole sana, fundi. Kwa mbao pana zilizopinda au zisizokauka, ndiyo, wa mkanda ni salama zaidi. Bledi yake inashuka tu kuelekea mezani, haina upande wa nyuma unaopanda. Kwenye msumeno wa meza, meno ya nyuma yanapanda, na ubao ukiyagusa unanyanyuliwa na kurushwa ulipo wewe.

Kabla ya kununua, kagua mambo haya. Kile kisu chembamba cha kutenganisha nyuma ya bledi kipo, au kilivuliwa kwa sababu kinasumbua? Kirudishe. Ukingo wa kuongozea, ule wa mezani ambao ubao huuegemea, uko sambamba na bledi? Pima kutoka jino la mbele, kisha zungusha jino hilohilo hadi nyuma na upime tena. Ukingo ukiwa karibu zaidi nyuma, hata kwa nusu milimita, unausukumiza ubao kwenye meno. Upande wa ubao unaoteleza kwenye ukingo umepigwa randa ukanyooka? Ukiwa na tumbo utayumba. Na ubao uliopinda kama kigae usiupasue mezani kabisa kabla ya kuusawazisha uso mmoja. Hata ukiulaza mgongo juu, mwisho wa mkato vipande viwili vinadondoka kwa pamoja na kuikumbatia bledi.

Usiutumie ukingo huo kukatia ubao mpana mfupi pia. Kama upande unaogusa ukingo ni mfupi kuliko umbali wa kutoka ukingo hadi bledi, ubao utazunguka. Kazi hiyo mpe msumeno wa duara na reli.

Ukienda kununua wa mkanda, uliza vipimo viwili: nafasi kati ya bledi na nguzo, na kimo chini ya kiongozi cha juu kinachoishika bledi isiyumbe. Mashine iitwayo ya inchi 14 huwa na nafasi ya inchi 13 na nusu hivi, na kimo cha kama inchi 6. Ubao wako wa inchi 14 ukiupasua katikati unahitaji nafasi ya inchi 7 tu upande wa nguzo, kwa hiyo inakutosha. Bledi ya kupasulia iwe pana, nusu inchi au zaidi, na meno 3 au 4 kwa inchi. Ile nyembamba ya meno mengi iliyokuja na mashine itapinda ndani ya mvule, nawe utadhani mashine ni mbovu.